Fundi wa Moshi anayezima feni kwanza ndipo asikilize diski

Nimeulizwa na watu wengi, wa kwaya yetu na wa kwaya za jirani, ile diski ya kompyuta yenye rekodi za kwaya, iliyoanguka, niliipeleka wapi. Jibu fupi: Moshi mjini, mtaa wa nyuma ya stendi kuu, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Kibao hakuna. Kuna mlango wa bluu na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: KOMPYUTA, GONGA MLANGO. Jibu refu ndilo hili, maana kazi niliyofanyiwa pale naona ni haki kuieleza yote.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimefundisha kwenye parokia yetu kule Kibosho tangu 2001, na tangu 2012 nimekuwa nikirekodi mazoezi kwa kirekodi kidogo cha mkononi. Narekodi kwa sababu nyimbo zetu nyingi hazijaandikwa popote. Mtunzi wetu alikuwa mzee asiyejua kuandika noti. Alitufundisha kwa mdomo, akiimba sauti zote nne mwenyewe, moja baada ya nyingine, nasi tukimfuata. Alifariki 2019. Sauti yake, kikohozi chake, fimbo yake ikigonga benchi kuhesabu mapigo, vyote vilikuwa ndani ya diski moja ya nje ya terabaiti moja, ndogo kama kitabu cha sala. Nakala nyingine haikuwepo. Nilikuwa nasema nitanunua ya pili baada ya Krismasi, kisha baada ya Pasaka, kisha mavuno ya kahawa yakiisha.

Jumapili ya Matawi mwaka jana, kabla ya Misa ya pili, tulikuwa tunasikiliza wimbo mmoja wa Pasaka ili sauti ya pili wakumbuke mahali pao pa kuingilia. Mtoto wa altare akapita nyuma ya kinanda, mguu ukanasa waya, diski ikaanguka kutoka kwenye benchi hadi kwenye vigae, nayo ikiwa inafanya kazi. Kimo cha goti tu. Muziki ukakatika. Nikaichomoa, nikaifuta vumbi, nikaitia kwenye mkoba, tukaendelea na Misa.

Jumanne ya Juma Kuu nikaichomeka nyumbani. Kwa miaka saba nilikuwa nimeisikia bila kuisikiliza: inaanza chini, vuuuu, inapanda kama mtu anayetafuta noti, inatulia, kisha mikwaruzo laini, krr, krr, na mafaili yanafunguka. Safari hii ilipanda, ikatulia, halafu: tak. Tak. Tak. Nikajikuta nahesabu, maana kuhesabu mapigo ndiyo kazi yangu. Mapigo saba, yamepangana sawasawa, karibu moja kwa kila sekunde. Baada ya la saba mlio ukashuka taratibu mpaka kimya. Kompyuta ikaniandikia kwamba diski hii lazima ifomatiwe kwanza, yaani ifutwe na kupangwa upya, ndipo itumike. Nikaondoa mkono kwenye kipanya kabisa.

Niseme kidogo kuhusu duka nililoanzia, ambalo sitalitaja. Lipo mjini, lina vioo na vijana wanne. Mlangoni kuna spika kubwa inayopiga muziki kutwa. Kijana alichomeka diski yangu akiwa anaongea na simu, akatazama skrini, akasema, "Mama, hii tunaifomati, halafu tunarudisha vitu vyako kwa programu. Elfu arobaini. Njoo kesho." Nilimwambia inagonga. Akasema, "Zote huwa zinagonga." Nikaiacha, na hilo nalijutia mpaka leo. Kesho yake nikakuta hawakuifomati, ila waliiwekea programu ya kurekebisha diski usiku mzima, na kila ilipozima waliichomoa na kuichomeka tena. Nikaambiwa imekufa. Nikalipa elfu kumi ya kuangaliwa.

Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu akanishauri niifunge kwenye mfuko niilaze kwenye friza usiku mmoja, eti amesikia inasaidia. Mwingine akasema kuna mtu juu ya duka la vitambaa. Nashukuru nilimsikiliza huyu wa pili.

Alhamisi baada ya Pasaka nikapanda ngazi zile. Ni ngazi kali, hazina cha kushikilia, na mtu wa magoti mabovu aende na msaidizi. Ndani ni chumba kimoja chenye meza mbili na taa ya kuinamisha. Ukutani kuna rafu ndefu ya diski kuukuu zilizobandikwa vikaratasi. Fundi ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, na yupo binti mmoja anayejifunza kazi kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimeleta diski, inagonga."

"Pole. Iweke hapo, tusiichomeke kwanza. Ilianguka?"

Aliniuliza maswali kama mganga wa zahanati anayeijua kazi yake. Ilianguka ikiwa imewashwa au imezimwa? Sauti ilianza siku hiyohiyo au baadaye? Imewashwa mara ngapi tangu igonge? Nani mwingine ameigusa, na alifanya nini? Nilipomweleza habari ya usiku ule mzima alinyamaza, akaandika kwenye daftari. Sikumsikia akimsema vibaya mtu yeyote.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niketi kuandika. Alizima feni. Akamwomba binti aache kukaza skrubu. Akafunga dirisha la upande wa stendi, wapiga debe wa Marangu na Machame wakabaki kwa mbali. Akaikunjia diski sponji, akaiweka juu yake ikiwa bapa. Akachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha akaigusisha kwenye kona ya diski, mpini akauweka sikioni. Ndipo akamwambia binti achomeke.

Sekunde kumi na tano, pengine ishirini. Akainua kidole, binti akachomoa. Nilikuwa nimesikia mapigo saba yaleyale. Akasema yeye amesikia mambo matatu. Mota ni nzima, maana mlio umepanda bila kusita. Hakuna mkwaruzo, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Na mapigo hayaanzi mara tu mota inapotulia, kuna nafasi fupi katikati, kana kwamba kichwa kimetoka, kimetafuta, kimekosa, kimerudi.

Nilimwomba anifundishe, kwa sababu nimeishi kwa masikio yangu na sikuwa tayari kuambiwa na mtu kwamba kuna kitu nimekisikia bila kukielewa. Akanieleza hivi, kwa maneno ninayoyakumbuka. Ndani mna sahani zinazong'aa kama kioo, zimepakwa utando mwembamba wa sumaku, na ndizo zinazozunguka. Juu yake kuna mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea, ambacho hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayovutwa na mzunguko, kwa kimo cha nanomita chache. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kiwandani sahani huandikwa alama za njia, na kichwa kinapotoka lazima kizione alama hizo ndipo kijue kiko wapi. Kisipoziona, mkono unarudishwa nyuma mpaka unagota, na kule kugota ndiko tak. Unajaribu tena. Unagota tena. Baada ya mara kadhaa diski inakata tamaa na kuizima mota.

Nilimwelewa papo hapo, kwa kuwa ninao waimbaji wa namna hiyo. Ukimpotezea noti ya kuanzia, hawezi kuingia katikati ya wimbo. Atarudi mwanzo, atajaribu, atarudi mwanzo. Kumwongezea ukali hakusaidii. Inabidi ujue kwanza kama hajasikia kinanda, au koo linauma, au wimbo wenyewe umefutika kichwani.

Na hapo ndipo alipofanya kitu ambacho duka la vioo halikukifikiria. Aliuliza ninatumia waya gani. Nikautoa: mrefu, wa mita mbili, ninaouunga ili ufike nyuma ya kinanda, na nyumbani naendelea kuutumia. Akauliza laptopu ni ya mwaka gani. Ni ya zamani, matundu yake ni ya USB 2. Akasema tundu la aina hiyo kwa kanuni linatoa miliampia 500, la USB 3 linatoa 900, na mota ya diski inapoanza kuzunguka hula umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshashika mwendo. Ongeza waya mrefu unaopoteza njiani, na diski inaweza kugonga kwa njaa tu, ikiwa nzima kabisa. "Njaa na ugonjwa zina sauti moja, Mwalimu," akasema. "Lazima uilishe kwanza."

Alifungua ganda la plastiki la nje. Narudia, ganda la nje. Diski yenyewe hakuifungua, na alinionyesha skrubu zake zikiwa na muhuri wake bado. Ndani ya ganda palikuwa na bodi ndogo inayounganisha diski na waya wa USB, akaitoa, akaiunga diski moja kwa moja kwenye mashine yake yenye umeme wa kutosha. Akaniambia bahati yangu ni ya aina hiyo, kwani nyingine siku hizi tundu la USB limechomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe na kazi inakuwa ndefu zaidi.

Feni ikazimwa tena. Bisibisi sikioni tena. Ikapanda, ikatulia, tukangoja. Hakuna pigo. Krr, krr, ile sauti ya miaka yote. Nilishika ukingo wa meza. Kisha, baada ya kama nusu dakika, tak moja. Kimya. Tak mbili. Kimya kirefu.

"Ilikuwa na njaa, na ni mgonjwa pia," akasema. Kulishwa kumeondoa mapigo ya mwanzo. Yaliyobaki ni ya kuanguka: kichwa kimoja kimedhoofika, na sehemu fulani za sahani hakizisomi vizuri. Akafungua programu inayosoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Kulikuwa na sekta, yaani vipande vidogo vya nafasi ya kuhifadhia, 40 zilizokwisha kuhamishwa na 184 zinazosubiri, yaani zimeshindwa kusomeka na diski bado haijaamua cha kuzifanya. Lakini hakuanzia kwenye tarakimu. Anasema tarakimu huzipata ukiwa umeshaiwasha na umeshaiuliza, na kuna diski ambayo kuwashwa mara moja zaidi ndiko kunakoimaliza. Sauti unaipata ndani ya sekunde kumi, kisha unachomoa.

Hapa naomba niwaeleze ile rafu ya ukutani, kwa sababu nilikaa pale zaidi ya saa nzima na sijutii hata dakika moja. Ni diski zilizokufa, ambazo wenyewe walimwachia. Amezihifadhi kwa ajili ya kumfundisha binti. Kila moja ina kikaratasi chenye neno moja: INAGONGA, INALIA, INAKWARUZA, BUBU. Alipojua kazi yangu aliniwekea kadhaa nisikilize, moja baada ya nyingine, dirisha likiwa limefungwa.

INALIA ilinishangaza kuliko zote. Inatoa piii, piii, piii, nyembamba, kama saa ya mkononi. Nilidhani kuna kispika ndani. Hakuna. Ni mota inayosukumwa kwa umeme na kukataa kuzunguka, ikitetemeka mahali pamoja. Mara nyingi vichwa vimebaki juu ya sahani badala ya kurudi kwenye maegesho yao, na kwa kuwa pande zote mbili ni laini mno, vimeng'ang'ania. Hutokea diski ikipata mshtuko, au umeme ukikatika ghafla. Wakati mwingine ni beringi zimekwama. Hiyo ukiisikia, chomoa. Usiigonge kwa kiganja kama tulivyokuwa tunagonga redio. Vichwa vinang'oka.

INAKWARUZA aliiwasha kwa sekunde mbili tu, na hata hivyo nywele zilinisimama. Ni kisu kwenye kitako cha sufuria. Kichwa kimeshuka, kinakula utando wa sumaku, na utando ndio wenye maandishi. Kila mzunguko unafuta, na unga wake unasambaa na kuharibu vichwa vingine. Binti alisema siku ya kwanza alipoisikia alilia. Mwenye diski hiyo alikuwa ameiacha ikwaruze siku tatu akidhani itazoea.

BUBU hainyanyui hata pumzi. Mara nyingi ni bodi ya nje imeungua, kwa mfano mtu ameichomekea chaja ya laptopu kwa kuwa tundu limelingana. Fundi aliinusa mbele yangu. Watu hudhani ni kununua bodi nyingine inayofanana na kuipachika, lakini diski nyingi zina kijichipu cha miguu minane kwenye bodi, chenye vipimo vya diski hiyo moja tu, na bila kukihamisha, bodi mpya haiwezi kuiongoza.

Kisha akaniwekea moja isiyo na kikaratasi. Tik moja laini, kila baada ya sekunde kadhaa. Nikasema hii nayo ni mgonjwa. Akasema hapana, ndiyo anayoitumia kila siku. Ikikosa kazi hupumzisha vichwa kwenye maegesho ili kuokoa umeme, na tik hiyo ni mlango tu. Vilevile tik moja ya mwisho unapoizima. Kosa la watu, anasema, ni kusikia sauti yoyote wakakimbilia kufomati, au kuzoea sauti zote wasikimbie kabisa. Anataka kila mtu aijue sauti ya diski yake ikiwa nzima, kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani kwako gizani.

Nikamlipa somo kwa somo. Nilimuuliza diski yangu inazunguka mara ngapi. Mara 5,400 kwa dakika. Hiyo ni 90 kwa sekunde, na mlio wake wa chini kabisa uko pale pale, sauti ya besi ya chini. Kwenye kinanda ni katikati ya F na kitufe cheusi kinachofuata, mahali pasipo na kitufe. Zile kubwa za kompyuta za mezani nyingi ni 7,200, yaani 120 kwa sekunde. Nikamwambia: tisini na mia na ishirini ni tatu kwa nne. Ukiiita ya kwanza do, ya pili ni fa, fa iliyo safi kuliko ya kinanda. Aliwasha moja ya kila aina kwa pamoja, nami nikaziimbia juu yake, do, fa, naye akacheka kwa furaha, akamwita binti asikie. Amefanya kazi hii miaka tisa na alikuwa anajua kwamba zinatofautiana, ila hakujua kwamba zinapatana.

Kazi yenyewe ilichukua siku sita, na kuhusu hilo sina mengi, sikuwepo. Alinitaka ninunue diski mpya ya ukubwa uleule, 150,000, popote nitakapo, akaniambia niichomeke mbele ya muuzaji niisikilize kabla ya kulipa. Akatumia programu ya ddrescue, ambayo inanakili diski nzima jinsi ilivyo. Inapita kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikikwama inaruka na kuweka alama kwenye ramani yake, kisha inarudi baadaye kuhangaika na zile ngumu. Hiyo ndiyo busara ambayo duka la kwanza lilikosa, kwani programu yao ya kurekebisha ilianza na kung'ang'ania palipoharibika, wakati kichwa kigonjwa kilikuwa na nguvu kidogo zilizobaki. Umeme ulikatika mara mbili katika siku hizo, na kwa kuwa ramani ilikuwa imehifadhiwa, iliendelea ilipoishia. Kila jioni alinipigia dakika moja: "Mwalimu, haijakwaruza."

Siku ya tano ilianza kugonga tena, mfululizo. Akasimamisha. Aliniuliza kwa simu kama nataka asukume zaidi kwa ajili ya sehemu zilizobaki, akanieleza hatari yake, akasema uamuzi ni wangu. Nikasema aipumzishe. Kesho yake akaiwasha mara moja ya mwisho, akapata kidogo zaidi, akafunga.

Nilikuwa na rekodi 1,046. Zimerudi 1,035. Kumi na moja ama hazifunguki, ama zinafunguka na kukatika katikati. Mbili kati yake ni za mzee, na moja ni wimbo ambao alitufundisha mara moja tu. Sauti ya kwanza tunaikumbuka, ya nne tunaikumbuka nusu. Siwezi kuandika hapa kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Kwa ilivyofika mikononi mwake, baada ya kuanguka na usiku ule mzima, sidhani kama kuna mtu wa hapa angepata zaidi.

Gharama: kusikiliza na kukuambia ukweli, elfu kumi, na ukimpa kazi zinaingia kwenye hesabu. Kunakili, 120,000. Nililipa nusu mwanzoni na nusu baada ya kufungua mafaili mwenyewe pale mezani, kama alivyotaka. Wapo watakaosema ni ghali ukilinganisha na elfu arobaini. Elfu arobaini ile ilikuwa bei ya kufuta.

Kinachonipa shida kwake ni hiki. Risiti ni ya kuandikwa kwa mkono kwenye kitabu cha nakala, na mtu anayedai risiti ya mashine kwa ajili ya ofisi atapata taabu. Simu hapokei anaposikiliza diski, na huwa inaita mpaka ikate. Siku ya Jumatatu foleni inafika kwenye ngazi na kiti ni kimoja. Pia anaongea polepole, ana maelezo mengi, na mwenye haraka ataona anacheleweshwa.

Jambo jingine la kumsifu ni kazi aliyoikataa. Nilimpelekea baadaye diski ya kompyuta ya ofisi ya parokia, iliyokuwa na orodha za ubatizo ambazo karani alizichapa kwa miaka. Ilikuwa inalia piii. Alisikiliza mara moja, akachomoa, akairudisha mkononi mwangu. Akasema hiyo inabidi ifunguliwe, na kuifungua kunahitaji chumba chenye hewa iliyochujwa na vichwa vya akiba kutoka diski ya aina ileile, na yeye hana. Vumbi la Moshi la mwezi wa pili, akasema, chembe yake moja ni jabali kwa kitu kinachoelea nanomita chache. Angeweza kunidanganya, akaifungua kwa bisibisi na kunitoza. Hakunitoza hata elfu kumi ya kusikiliza. Alinishauri isichomekwe tena na mtu yeyote mpaka ipelekwe kwenye chumba cha namna hiyo, nayo sasa iko kwenye kabati la Paroko, imefungwa kwa karatasi nililoandika kwa kalamu nene: USIWASHE. Vitabu vya ubatizo vya karatasi vipo, namshukuru karani wa zamani, kwa hiyo tunaweza kungoja.

Kuhusu friza nilimuuliza pia. Alifumba macho. Ukiitoa kwenye baridi, unyevu wa hewa unatua juu ya sahani kama umande, na kichwa kinakuja kupita juu ya maji. Nimemweleza mwimbaji wangu wa sauti ya tatu.

Na wenye diski mpya zisizo na kitu kinachozunguka, wanaoziita SSD: hizo hazina mota wala mkono, kwa hiyo hazina sauti ya kukuonya. Yeye anazitengeneza baadhi, lakini anasema siku zikifa huwa zimekaa kimya mpaka dakika hiyo, na mwenye nayo awe na nakala tangu siku ya kwanza.

Anafungua saa tatu asubuhi, Jumamosi anafunga saa nane mchana, Jumapili hayupo. Ukienda, ifunge diski kwa kitambaa laini, chukua na waya wake uleule unaoutumia, na usiichomeke njiani kumwonyesha mtu inavyogonga.

Sasa tuna nakala tatu. Moja iko kwangu Kibosho, moja iko kwa mwimbaji wa sauti ya nne anayekaa Pasua, moja iko sakristia. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla waimbaji hawajafika, nafunga madirisha ya sakristia, nachomeka ile ya kwangu kwa waya mfupi, nainamisha kichwa. Jumamosi iliyopita ilianza chini, ikapanda, ikafika katikati ya F na kitufe cheusi, ikakaa. Krr, krr. Nikafungua rekodi ya Agosti 2014, mzee akakohoa, akagonga benchi mara nne, akaanza sauti ya pili.